Tabaka Saba za Rangi

Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Mkaguzi Amour Shaame alikuwa amekiweka juu ya kisahani cheupe cha chai na kukiinamia tangu saa moja asubuhi, kioo cha kukuzia mkono huu, wembe mkono ule. Koplo Mathew alisimama mlangoni na faili kwapani, akingoja saini.

"Afande, mkuu wa kituo analitaka faili kabla ya adhuhuri. Kesho saa tatu yule bwana anapandishwa mahakamani."

"Mahakama haina miguu, haitakwenda popote. Hebu njoo uhesabu."

"Nihesabu nini?"

"Rangi."

Koplo aliinama, akatazama, akainuka. "Moja. Rangi ya damu ya mzee."

"Hiyo ya juu hata kipofu angeitaja. Tazama ubavuni, hapa nilipokata."

Koplo Mathew alikuwa polisi mzuri kwa kazi za kukimbiza watu. Kazi za kukaa chini na kutazama zilimletea usingizi. Safari hii alikaa chini, akatazama, na midomo ikaanza kumcheza taratibu. Damu ya mzee. Chini yake chungwa. Nyeupe. Buluu. Kijani. Njano. Na chini kabisa nyekundu.

"Saba," alisema.

"Saba. Kama chapati. Kaa sasa tuzungumze."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Ijumaa iliyopita, saa saba na robo mchana, pikipiki ilimgonga Bi Mwatumu, muuza samaki wa kukaanga, kwenye barabara ya Pangani karibu na njia ya kuingilia Tongoni. Mguu wa kulia ukavunjika mara mbili. Mpanda pikipiki akaondoka. Wanaume wa kijiji walikuwa mskitini, barabara tupu, na shahidi akawa mgonjwa mwenyewe, ambaye aliokotwa akirudia jambo moja tu: pikipiki ilikuwa rangi ya damu ya mzee.

Miaka mitano nyuma jambo hilo lisingemsaidia mtu. Pikipiki ilipatikana kwa kibali cha mkoa, na kibali kilikuja na nyekundu. Ulichukua nyekundu yako ukashukuru. Lakini hizi zilikuwa zama za ruksa, sukari imerudi madukani na sabuni haipangiwi tena foleni, na Mzee Idarusi wa Barabara ya Nane alikuwa amefanya jambo lililozungumzwa Tanga nzima. Ukinunua pikipiki kwake, unachagua rangi. Zinashuka melini zote nyekundu, fundi wake anapulizia unayoitaka, siku ya tatu unaondoka nayo. Jina la mnunuzi na rangi yake vinaandikwa daftarini. Koplo Mathew alikwenda Jumamosi asubuhi akalisoma daftari lote. Damu ya mzee ilikuwa imechaguliwa na mtu mmoja tu: Zebedayo, bwana shamba wa shamba moja la mkonge nje ya mji.

Koplo akaongeza na hoja yake mwenyewe. Saa ya Ijumaa wanaume wa pwani wako mskitini, kwa hiyo mwanamume aliye barabarani saa ile ni Mkristo. Zebedayo ni Mlutheri. Tena aliulizwa alikuwa wapi akasema alikuwa peke yake katikati ya mkonge, akipima mistari. Tena tangi la pikipiki yake lina mchubuko. Koplo Mathew, ambaye naye ni Mkristo na saa ile naye alikuwa barabarani, hakuona kasoro yoyote katika hoja hii. Zebedayo akatiwa ndani, na leo Jumatano ilikuwa siku ya tano. Meneja wa shamba ameshaandika barua: akipandishwa kizimbani kazi imekwisha, na nyumba ya shamba anamoishi na mkewe na mtoto irudishwe mwisho wa mwezi.

"Kipande hiki umekitoa wapi, Afande?"

"Kwenye karai la Bi Mwatumu. Jana nilikwenda Tongoni kulitazama, kwa kuwa faili lako halisemi kama kuna mtu aliyelitazama. Lilikuwa limebonyea upande mmoja, na kipande kimebanwa kwenye mkunjo wa ukingo."

Koplo alifikiri kidogo. "Basi ni pikipiki kuukuu. Kila mwenyewe akibadilika, na rangi inabadilika."

"Nami nilidhani hivyo mpaka saa mbili. Pikipiki kuukuu ikipakwa juu ya rangi ya zamani, katikati unakuta kutu, unakuta mafuta, unakuta jua limekwisha kuila rangi. Hapa kila tabaka ni mbichi. Mtu kapaka, kapiga msasa vizuri, kapaka tena, mara sita, na chombo chenyewe bado kipya. Nyekundu ya chini ni ya kiwandani, hii hii ya pikipiki zote zinazoshuka sasa."

"Nani atapaka pikipiki mpya mara sita?"

"Ala. Sasa umeanza kazi."

Walitoka uani. Pikipiki ya Zebedayo ilikuwa imefungwa mnyororo kwenye nguzo ya bendera, kibao chake cha namba kimepanguswa kikang'aa. Aliyekipangusa alikuwa Imakulata, mkewe. Alikaa kwenye benchi la kituo tangu asubuhi, kama siku nyingine zote, chupa ya uji miguuni na mtoto mgongoni. Alipomwona mkaguzi anachuchumaa na wembe alisimama.

"Shikamoo, bwana mkaguzi. Unaiharibu?"

"Marahaba. Nakwangua kidogo chini ya kiti, pasipoonekana."

"Haijalipiwa bado yote. Wanamkata kwenye mshahara."

"Sitaumiza, mama."

Alikwangua. Damu ya mzee, kisha nyekundu, kisha bati. Akahamia kwenye madigadi, kisha kwenye kava la ubavuni, kisha pale penye mchubuko wa tangi. Kila mahali rangi mbili, si zaidi. Akamwonyesha Koplo, na Koplo akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mkuu wa kituo alisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye simu. "Amour, kipande cha rangi hakiwezi kujibu maswali ya hakimu. Wewe niletee pikipiki nyingine, na mtu aliyeipanda. Ikifika saa kumi jioni huna, faili linakwenda kama lilivyo."

Kwa hiyo walikuwa na mpaka saa kumi.

*

Hospitalini, Bi Mwatumu alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe la uzito. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, na alichokasirikia zaidi, kuliko hata mguu, ni samaki waliomwagika.

"Shikamoo, Bi Mwatumu."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kuuliza rangi, nimeshamwambia huyo mrefu hapo nyuma yako."

"Nambie na mimi, bi mkubwa. Yote, tangu mwanzo, hata lile unaloliona dogo."

"Nilikuwa nakwenda zangu pembeni. Nikasikia mlio nyuma. Mbuzi wakakatiza, nikasikia breki, na mimi huyo chini. Kichwa kinazunguka nikakiinua, nikamwona amesimama mbele kama hatua ishirini."

"Alisimama?"

"Alisimama. Kageuza kichwa ananitazama. Kavaa helmeti ile ya kufunika uso na koti refu la kahawia. Mwembamba. Katia mguu mmoja chini kama mtu anayetaka kushuka. Nikasema alhamdulillahi, anakuja. Kisha akarudisha mguu, akaenda zake."

Hayo hayakuwamo kwenye faili. Amour aliandika, hakumtazama Koplo.

"Na namba za pikipiki?"

Bi Mwatumu alicheka kwa pua. "Huyu hakuniuliza. Aliniuliza kwanza kama nimesoma. Nikamwambia sikusoma, akafunga daftari lake."

"Mimi nakuuliza."

"Hazikuwapo."

"Hukuziona kwa vumbi?"

"Mwanangu, sijui kusoma, lakini kibao cha namba nakijua, nimeviona maisha yangu yote vikinipita. Nyuma ya ile palikuwa na taa nyekundu, na chini ya taa patupu."

Koplo Mathew alikuwa akitazama nje ya dirisha, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. Walipofika ngazini alisema, "Afande, pale nilikosea."

"Ulikosea. Pikipiki ya Zebedayo ina kibao tangu siku aliyoichukua. Sasa nambie wewe: pikipiki mpya, isiyo na namba, iliyopakwa rangi mara sita. Inakaa wapi?"

Koplo aliongeza mwendo.

*

Duka la Mzee Idarusi lilikuwa na mteja mmoja, mtu wa makamo aliyetoka Moa. Alikuwa amesimama mbele ya ubao wa rangi, vibati kumi na viwili vilivyopigwa misumari mstari kwa mstari, ameshika kanga ya mkewe na kuisogeza kutoka kibati hiki mpaka kile.

"Anataka ifanane na hii," alimwambia Nasima, binti Idarusi, aliyekuwa nyuma ya kaunta. "Amesema isipofanana hapandi."

"Hii samawati itafanana," alisema Nasima. Alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, mwembamba, buibui limeshuka mabegani, na wazo lote la kuchagua rangi mjini walisema ni lake. "Kibati kinadanganya, ami. Geuka uitazame ikiwa nzima, ile pale dirishani. Ile ndiyo ya kuonyeshea."

Mteja aligeuka. Amour naye akageuka.

Ilikuwa juu ya jukwaa dogo la mbao, samawati mpya inayong'aa, na nyuma, chini ya taa, palikuwa patupu.

Mzee Idarusi alitoka chumba cha ndani akifunga vifungo vya kanzu. Alikuwa na miaka sitini na mitano, kofia ya viua, sauti ya chini. Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, wakamaliza. Amour akaomba ruhusa aende nyuma kumwona fundi, akapewa.

Fundi alikuwa Safari, Mdigo wa miaka arobaini, na uani kwake kulinuka thina ya kuchanganyia rangi mpaka machozi yakatoka. Tangi la mtu lilikuwa limening'inizwa kwenye waya likikauka. Kwenye msumari wa mlango wa nyuma palitundikwa koti refu la kahawia lenye madoa ya kila rangi. Mlango wenyewe ulitazama kichochoro.

"Bwana Safari, ile ya dirishani ni kazi yako?"

"Yangu. Zote zangu."

"Mkitaka kuonyesha rangi nyingine mnafanyaje?"

"Naipiga msasa napaka. Hiyohiyo moja. Kibati hakimtoshi mtu. Mtu anatoa fedha zote hizo, anataka aione nzima, imekaa kwenye mwanga. Mzee hataki kuchafua pikipiki mbili, basi tunapaka hiyohiyo kila mwezi."

"Zimefika rangi ngapi?"

Safari aliweka bomba la rangi chini ili apate vidole vya kuhesabia. Ni mtu aliyeipenda kazi yake na hakuna aliyewahi kumwuliza swali hili. "Ilikuja nyekundu. Nikaanza njano. Kijani. Buluu. Nyeupe. Chungwa, hiyo haikupendwa. Damu ya mzee. Na sasa samawati."

Amour alikuwa amefungua karatasi kiganjani, na kipande kimekaa kwa ubavu, na kila rangi ikitajwa Koplo Mathew aliigusa kwa ncha ya kalamu. Zilikwenda sawa mpaka damu ya mzee; samawati tu haikuwamo.

"Damu ya mzee ilikaa mwezi?"

"Hiyo haikufika hata wiki mbili."

"Kwa nini?"

"Niliambiwa nibadilishe. Jumamosi asubuhi na mapema."

"Na nani?"

"Na dukani," alisema Safari, akachukua tena bomba lake.

"Ulipoipiga msasa ulikuta nini?"

Safari alijibu, kwa kuwa alikuwa ameulizwa waziwazi. "Madigadi ya mbele imebanduka rangi mpaka bati. Nikaziba kwa puti. Nilidhani imeanguka kwenye jukwaa."

"Koti lile la nani?"

"Langu."

Koplo Mathew alisogea mlangoni, akajaza mlango. Amour hakumzuia. "Ijumaa saa saba na robo ulikuwa wapi, bwana Safari?"

Kwa mara ya kwanza fundi alitabasamu. "Afande, mskiti wa Barabara ya Tisa adhana ya Ijumaa anaadhini nani?"

Amour alijikuna shingo. Sauti ile alikuwa ameisikia Ijumaa hiyohiyo kupitia dirisha la ofisi yake, na saa ilikuwa karibu na saba kamili. Kutoka Barabara ya Tisa mpaka Tongoni si njia ya robo saa, hata kwa aliyerukwa na akili. Akamwambia Koplo atoke mlangoni, na Koplo akatoka kwa masikitiko.

"Na Ijumaa mkifunga duka, anabaki nani?"

Safari alianza kupulizia tangi lililokwisha kauka. "Mimi nikienda kuadhini, sijui anayebaki," alisema.

*

Mteja wa Moa alikuwa ameandikiwa samawati na kuondoka na kanga yake. Amour alipanda jukwaani bila kuomba tena ruhusa, akafungua kifuniko cha tangi, akanusa.

"Mzee Idarusi, pikipiki hii hutoka?"

"Haitoki. Haina namba, haina bima. Ya kuonyeshea tu."

"Tangi limejaa zaidi ya nusu."

Mzee alikuja karibu, akainamia tangi kama mtu anayechungulia kisima.

"Hizi nyingine mpya, mita zinasoma kilomita mbili, tatu, za kusukumwa kutoka bandarini. Njoo uisome hii."

Idarusi alitoa miwani, akavaa, akasoma. Kilomita mia nne na kumi na nane. Alisoma mara mbili. Kisha aliinua kichwa, akatazama upande wa kaunta mara moja tu, akavua miwani.

Amour aliyaona macho yalikokwenda. Amekaa kazini miaka kumi na tisa, Pemba na huku, na mara nyingi kesi ilikwisha kwa jambo dogo kama lile. Alisikitika hata hivyo, kwani alimpenda mzee.

"Ni mimi," alisema Idarusi.

"Mzee wangu..."

"Andika. Ijumaa sikwenda mskitini. Niliichukua nikaenda Tongoni, nikamgonga yule mama, nikaogopa, nikakimbia. Jumamosi nikamwambia Safari abadilishe rangi. Niandikie nitie kidole, au saini, mnavyotaka."

Koplo Mathew alikuwa ameshachomoa kalamu.

"Weka kalamu," alisema Amour. "Mzee Idarusi, naweza kwenda mskitini nikauliza kama ulikuwapo. Lakini kumfanya mtu wa safu ya mbele amseme mwenzake ni kazi ya kutwa, nami nina mpaka saa kumi. Kuna njia fupi. Ufunguo huo hapo. Iwashe."

"Humu dukani?"

"Humu humu."

Idarusi alikunja kanzu, akapanda. Alikaa mbele mno, magoti yamegusa usukani. Alizungusha ufunguo, akabonyeza kitu, ikalia honi, mwenyewe akashtuka. Alitafuta kiki kwa mguu wa kushoto, akaikosa, akaipata kwa mguu wa kulia. Akapiga. Kimya. Akapiga tena na tena, mpaka kofia ikateleza na jasho likaingia kwenye ndevu, na kila akipiga pikipiki iliyumba kwenye jukwaa na Koplo akaishika nyuma isianguke na mzee. Hakuna aliyecheka. Mtu aliyeuza pikipiki miezi minane alikuwa anaonyesha, mbele ya polisi wawili, kwamba hajapata kuipanda hata moja.

"Imeharibika," alisema akihema. "Ijumaa ilikuwa nzima."

Nasima alitoka nyuma ya kaunta. Hakumtazama Amour. Alimshika baba yake kiwiko, akamteremsha, akamkalisha kwenye kiti cha wateja. Kisha aliinama chini ya tangi, akafungua koki ya petroli, akavuta choki, akakusanya buibui kwa mkono mmoja, akapiga kiki mara moja. Duka lote likajaa mlio.

Aliacha ingurume kidogo, akarudisha choki, mlio ukatulia ukawa mzuri.

"Nani kakufunza?" aliuliza Idarusi.

"Kijitabu kilichokuja ndani ya kasha lake, baba. Na Ijumaa. Mkiwa mskitini."

"Zima," alisema Amour. Akazima. "Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Hakuna ninakokwenda. Wateja huniuliza inavutaje mchangani, inapanda mlima na watu wawili au haipandi. Nilikuwa nawajibu tu, nazua. Nikaona haya. Nikasema niijue." Alipangusa mikono kwenye buibui. "Ijumaa ile walikatiza mbuzi. Nikawakwepa, na yeye alikuwa upande huo. Sikumwona. Wallahi sikumwona."

"Anasema ulisimama."

"Nilisimama."

"Kwa nini hukushuka?"

"Ningeshuka ningevua helmeti, Afande. Nikivua helmeti, Tanga nzima inajua kabla sijafika nyumbani. Baba anajua kutoka kwa watu."

"Na Zebedayo?"

"Nilijua atatoka. Si yeye. Nilikuwa nasema kila siku leo atatoka, leo atatoka."

Amour alifunga daftari. Ilikuwa saa tisa kasoro. Aliona hasira imempanda, na hakuifurahia, kwa sababu alitaka kumhurumia binti huyu na nusu yake ilikuwa inamhurumia.

"Pikipiki inakwenda kituoni, ni kielelezo. Haina namba, kwa hiyo haipandwi. Itasukumwa."

Wakaisukuma. Nasima alishika usukani, na Koplo Mathew akaweka mkono kwenye kiti, lakini Mzee Idarusi akamwondoa, akasukuma yeye, kichwa wazi, kofia ameisahau dukani. Watu wa Barabara ya Nane walitoka vibarazani. Mmoja aliuliza kama imekwisha petroli; wakaendelea kusukuma.

*

Imakulata alikuwa amelala kwa kukaa, kichwa ukutani. Aliamka magurudumu yalipopita kwenye kokoto. Aliitazama pikipiki ya samawati, haikumwambia kitu. Kisha akamtazama aliyeishika, na uso wake ukafunguka.

"Wewe ni yule dada wa dukani," alisema. "Umekuja kumsaidia?"

Amour alifungua mdomo ili aseme yeye, maana ni kazi yake. Nasima akamtangulia.

"Ni mimi niliyemgonga yule mama. Mumeo anatoka sasa hivi."

Imakulata alimshusha mtoto mgongoni, akamkalisha benchini, akaiweka chupa ya uji pembeni asiimwage. Alifanya haya yote bila haraka. Mlangoni Koplo Mathew alikuwa ameshapokea mashada mawili ya funguo kutoka kwa mkuu wa kituo, na hakujua lipi ni la mahabusu.

"Jumatatu nilikuja kwenu," alisema Imakulata. "Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka."

"Nilikuuliza kama yuko mtu mwingine aliyechagua rangi hii. Ukanivutia kiti. Ukanipa maji ya baridi. Ukafungua daftari, ukanisomea ukurasa kwa ukurasa, majina yote, ukasema hakuna."

"Hakuwako," alisema Nasima. Sauti ilikuwa imeshuka mpaka Amour akalazimika kusogea.

"Najua hakuwako. Ulinisomea vizuri." Imakulata alifunga upya kitenge kiunoni. "Mji mzima huu, tangu Jumamosi, hakuna mtu aliyenipa kiti isipokuwa wewe. Usiku ule nilipiga magoti nikakuombea. Nikasema, Bwana, mbariki yule dada wa dukani. Nimekuombea Jumatatu, nimekuombea na jana."

Nasima aliendelea kushika usukani kwa mikono miwili, na baba yake nyuma ameshika kiti, hakuna aliyethubutu kuiachia. Ndani, Koplo Mathew alikuwa anajaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine, na sauti ya Zebedayo ikamwambia ajaribu ule mdogo.